Reli ya tanga kuu: dhana potofu na ukweli wake

Mashua inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida ya safari na burudani: mwili wa faiba, urefu wa futi 36 hivi, mlingoti wa alumini, tanga kuu lenye ukingo wa mbele wa mita 12. Jahazi halimo, maana tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, yaani mti wa juu wa tanga, na foromali ndiyo inayopanda na kushuka. Kwenye mashua hizi nyingine ukingo wa tanga hupanda ukiwa umeshikwa na mlingoti mwanzo hadi mwisho, na kinachoushika ndicho kinacholeta ubishi.

Njia za kuushika ni nne. Kuna dasi, kamba iliyoshonewa ukingoni ambayo hupita ndani ya mfereji wa mlingoti. Kuna vitelezi vya plastiki au chuma vinavyopita kwenye mfereji huohuo au juu ya reli ya chuma. Kuna reli ya plastiki inayochomekwa ndani ya mfereji ili vitelezi visiguse alumini kabisa. Na kuna reli ya alumini inayofungwa kwa skrubu nyuma ya mlingoti, na juu yake vigari vyenye gololi.

"Tanga likikwama, kosa ni la reli"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi. Mtu anaagiza reli mpya kutoka ng'ambo, anailipia na ushuru, anaifunga, na tanga bado linapanda kwa winchi na kushuka kwa kuvutwa. Henza, ile kamba ya kutwekea, ina safari ndefu: inatoka kichwani mwa tanga, inazunguka roda (gurudumu la kupitishia kamba) ya juu ya mlingoti, inashuka ndani, inapinda chini kwenye roda nyingine, inapita kwenye kibanio, ndipo inafika mkononi. Popote hapo panaweza kushika.

Kabla ya kununua chochote, tazama henza wakati wa kushusha. Mtu mmoja aiachie, mwingine asimame chini ya mlingoti aangalie juu. Henza ikilegea na kuning'inia juu ya kichwa cha tanga, na tanga limebaki palepale, msuguano uko kwenye mfereji au reli. Henza ikibaki imekaza na tanga halishuki, kinachozuia kiko kwenye njia ya kamba: roda iliyokula chumvi, kamba nene kuliko mfereji wa roda, au kibanio kisichofunguka vizuri. Jaribio hili halina gharama, lakini wachache hulifanya.

Likionyesha kuwa ni mfereji, endelea hivi. Vua tanga lote. Chukua kitelezi kimoja kizima, kifunge henza upande wa juu na kamba nyembamba ya kuvutia upande wa chini. Usisahau hiyo kamba ya chini, la sivyo kitelezi kitakwama mita 9 juu na utalazimika kupandishwa mlingotini kukifuata. Kipandishe taratibu, na kila kinaposhika bandika utepe wa rangi kwenye henza usawa wa sitaha. Ukimaliza utajua ni sehemu gani hasa: kiungo cha vipande viwili vya mlingoti, mdomo wa mfereji uliobonyea, ncha ya ribiti iliyotokeza ndani, gundi ya zamani iliyokauka, au unga mweupe wa alumini iliyoliwa na chumvi. Mengi ya haya huondoka kwa maji baridi yasiyo na chumvi, brashi ndogo na tupa laini.

"Grisi kidogo itamaliza tatizo"

Itamaliza kwa wiki mbili. Baada ya hapo grisi inakuwa gundi ya vumbi na chumvi, na pia inachafua tanga. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu yana kasoro hiyohiyo. Kwenye mfereji na vitelezi tumia kilainishi kikavu, cha PTFE (Teflon) au silikoni kavu, baada ya kuosha na kukausha. Gololi zenyewe, ambazo kwenye vigari vya mashua huwa za plastiki ngumu kama Torlon au Delrin, hazitaki grisi hata kidogo: zinatakiwa kuzunguka, na grisi huzifanya ziburuzike. Zimwagie maji baridi mengi kila baada ya safari, inatosha.

"Vitelezi vilivyokuwepo vitabeba na fito ndefu"

Hapa tukae kidogo, maana ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Tanga la zamani lilikuwa na fito fupi, yaani bateni, zilizoishia karibu na ukingo wa nyuma. Siku hizi matanga mengi yanashonwa na fito zinazopita upana wote, toka nyuma hadi mlingotini. Tanga hutulia, halipigipigi, hudumu zaidi, na likishuka linajikunja lenyewe juu ya mti wa chini, ule unaoshika ukingo wa chini wa tanga. Lakini ufito mrefu umekazwa ndani ya mfuko wake kama upinde, na ncha yake ya mbele inausukuma mlingoti muda wote. Tanga likijaa upepo msukumo huo unaongezeka, na mashua inapobisha, yaani inapogeuka ili upepo uingie ubavu wa pili, ncha ile inajipinda kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kitelezi kidogo cha duara ndani ya mfereji hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kinasukumwa, kinapindwa, kinalala upande.

Na kitelezi kilicholala upande hushika kwa sababu ileile inayomfanya mtoto wa meza akwame ukimvuta kwa kona moja. Mafundi wana hesabu yake: kitu kinachoteleza kwenye njia kitajifunga chenyewe ikiwa nguvu inayokivuta iko mbali na njia kuliko urefu wake ukigawanywa kwa mara mbili ya kiwango cha msuguano. Chukua kitelezi cha milimita 50. Kwenye alumini chafu msuguano ukiwa 0.3, kitajifunga nguvu ikiwa umbali wa milimita 83 tu. Safisha, msuguano ushuke hadi 0.1, na umbali huo unafika milimita 250. Ukiacha msuguano vilevile lakini ukaongeza urefu, mambo pia yanakuwa mazuri: ndiyo maana kibao cha kichwani mwa tanga hupewa vitelezi viwili vilivyoachana, au kigari kimoja kirefu.

Kwa hiyo fito ndefu zinadai mojawapo ya mambo mawili: msuguano mdogo sana, au kigari kirefu chenye kiungo kinachoruhusu ncha ya ufito igeuke bila kukipinda chenyewe. Tanga lenye fito fupi halidai lolote kati ya hayo. Vitelezi vizuri, mfereji safi, basi.

"Reli ya plastiki ni ya muda tu"

Neno "plastiki" linapotosha. Hii ni polithilini ya aina ya UHMW, ngumu na yenye utelezi wa ajabu, inayotumika pia viwandani mahali ambapo chuma kinaburuzika mchana kutwa. Strong Track ya kampuni ya Tides Marine ya Florida ndiyo inayojulikana zaidi: ukanda mmoja mrefu unaosukumwa ndani ya mfereji kutokea chini, na vitelezi vya chuma kisichoshika kutu vikipita ndani yake. Hakuna haja ya kutoboa mlingoti mzima, na kazi inawezekana mlingoti ukiwa umesimama. Kwa mashua ya futi 36 yenye fito nne au tano, kwa maoni yetu hii ndiyo ya kufikiria kwanza.

Kinachoiharibu ni ufungaji. Plastiki hii hutanuka kwa joto mara nyingi kuliko alumini. Kwa ukanda wa mita 12, tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na jua la saa saba mchana inaurefusha kwa sentimita 3 hadi 5, huku mlingoti ukirefuka kama nusu sentimita. Ukanda huu unafungwa chini tu na kuachiwa nafasi juu. Fundi anayeongeza skrubu "za usalama" katikati au kileleni anautengenezea mawimbi, na tanga litashika kila mchana na kulegea kila usiku. Ukiona tabia hiyo ya kufuata jua, tafuta hizo skrubu.

"Vipimo vya mfereji viko kwenye karatasi za mashua"

Karatasi zinasema mlingoti ulivyotoka kiwandani. Pima mwenyewe kwa kalipa: upana wa mdomo wa mfereji, upana wa ndani, na kina, mahali pasipopungua sita kuanzia chini hadi kileleni. Andika kipimo kidogo kuliko vyote, si wastani, kwa sababu kitelezi kitapita kwenye kile kidogo au hakitapita. Ongeza urefu halisi wa ukingo wa tanga, idadi ya fito na eneo la tanga. Ukiagiza vitelezi vya nailoni acha nafasi kidogo zaidi: nailoni hunywa maji na kuvimba, na kitelezi kilichopita vizuri dukani kinaweza kugoma baada ya mvua ya siku tatu. Asetali, plastiki ya jamii ya Delrin, hainywi maji hivyo.

"Gololi ndizo bora kwa kila mashua"

Kwa mashua kubwa, ya futi 45 na zaidi, tanga zito, fito ndefu na wafanyakazi wawili, ndiyo, vigari vya gololi kama Battcar vya kampuni ya Harken vinalipa gharama yake. Tanga linashuka kwa uzito wake. Kwa mashua ndogo kuna mambo matatu ya kuhesabu kabla ya kutoa pesa.

La kwanza ni matundu. Skrubu zikiwa kila sentimita 10, reli ya mita 12 inadai matundu 120, yaliyonyooka, yenye hesi safi, na mlingoti umelazwa chini. Skrubu za chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini hulana kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo kila moja ipakwe kwanza dawa ya kutenganisha metali hizo, kama Duralac au Tef-Gel. Skrubu kavu moja itavunjikia ndani siku utakapotaka kuitoa. Baadhi ya mifumo huepuka kutoboa kwa kutumia vipande vyenye hesi vinavyoingizwa ndani ya mfereji. Ukivipata vinavyolingana na mfereji wako, chagua hivyo.

La pili ni kimo cha rundo la tanga likishuka. Zidisha idadi ya vigari kwa urefu wa kila kimoja. Vigari vinne vya fito vya sentimita 15, saba vya kati vya sentimita 10, na cha kichwani cha sentimita 25, jumla mita 1.55 juu ya mti wa chini. Kwenye sitaha inayoyumba, mtu wa kimo cha kawaida hatafikia kichwa cha tanga kutoa henza wala kufunga kifuniko bila ngazi za mlingoti.

La tatu ni gololi zenyewe. Vigari vingi vikitoka kwenye reli gololi zinamwagika, na zikishaingia kwenye ngama, chini kabisa ya mashua maji yanapokusanyika, hazirudi. Uliza kama kigari kinazishika, au kama kinakuja na kipande cha kukihifadhia.

"Ukiwa na reli nzuri unashusha tanga upepo ukitoka popote"

Upepo ukiwa nyuma, tanga linalalia nyaya za pembeni na mikono ya mlingoti (vyuma vinavyozitanua nyaya hizo), na fito hujipinda zikizikumbatia. Msuguano huo hauko kwenye reli, na hakuna gololi inayoufikia. Geuza mashua mpaka upepo utoke mbele kidogo ya ubavu, legeza demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, legeza na kamba inayouvuta mti wa chini kuelekea sitahani, tanga lianze kupepea, ndipo uachie henza. Kusi likivuma kwa nguvu ni vizuri kupunguza tanga mapema kuliko kungoja kuujaribu ubora wa reli.

"Dasi imepitwa na wakati"

Kwa mashua ndogo na za mashindano bado haina mpinzani: inaziba pengo kati ya tanga na mlingoti, haina kitu cha kuvunjika. Ubaya wake ni kwamba tanga likishuka linatoka mlingotini lote na kutapakaa sitahani. Kama unasafiri na mtu mmoja au peke yako, isahau.

"Kubadilisha reli hakugusi mambo ya kupunguza tanga"

Kunagusa. Chini ya mfereji kuna mlango wa kuingizia vitelezi, na huwa juu kidogo ya kiungo cha mti wa chini. Vitelezi vikirundikana juu ya mlango huo, tundu la kupunguzia tanga halifiki kwenye ndoano yake. Linabaki likining'inia sentimita 20 au 30 juu. Dawa yake ni utepe mfupi wenye pete mbili, uliopitishwa kwenye tundu la tanga, pete moja kila upande, ili pete ndiyo iingie kwenye ndoano. Upime rundo likiwa limeshuka, kisha ndipo fundi wa matanga akate utepe. Na mlango wenyewe uwe na kifuniko cha bapa kilichofungwa kwa skrubu, usawa na ukuta wa mfereji, ili vitelezi vipite juu yake hadi chini bila kuchomoka.