Mbawakawa wa ardhini wa milima mikavu: anavyotambuliwa na kuelezwa

Masika yakishaingia Lamu, taa ya barazani haikosi wageni: kumbikumbi, nondo, na wadudu weusi wenye mgongo mgumu wanaojigonga ukutani na kuanguka chali. Hao weusi ni mbawakawa, na ndani ya kundi hilo kubwa mno kuna familia iitwayo Carabidae. Hao ndio mbawakawa wa ardhini. Wengi wao hukaa chini ya mawe, kwenye majani yaliyooza au katika nyufa za udongo, na hutoka usiku kuwinda viwavi, konokono na wadudu wadogo kuliko wao, ingawa wapo pia wanaokula mbegu. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni kama 40,000 duniani.

Anayezungumziwa hapa ni mdogo, aghalabu kati ya milimita 3 na 10, kahawia au mweusi, na taa ya Lamu hataiona maisha yake yote. Kwao ni milima mikavu: ile ya Yemen na Oman, ambako koo kadhaa za pwani yetu zina asili yake, ile ya Uturuki, Iran na Asia ya Kati, na hapa Kenya, miteremko mikavu ya mlima kama Kulal unaoinuka katikati ya nchi kame ya kaskazini. Mchana jiwe linachoma, usiku baridi inauma, na mvua ni ya kubahatisha. Mwili mdogo hupoteza maji upesi, basi mdudu huyu hushinda chini ya jiwe penye unyevu kidogo na kungoja jua lizame.

Kazi ya kumtambua huanza na tatizo moja: huko mlimani anaishi na jirani wanaofanana naye. Nchi kavu zimejaa mbawakawa wa familia ya Tenebrionidae, nao ni weusi, wengi hawaruki, na hutembea chini vilevile. Picha ya simu iliyopigwa kwa juu haiwatenganishi, na sioni kwa nini watu wanaendelea kutuma picha za mgongo peke yake wakitaraji jibu. Mgeuze chali, uchukue kioo cha kukuzia, uhesabu pingili za nyayo. Mbawakawa wa ardhini ana pingili tano katika kila mguu, yote sita. Tenebrionidae ana tano mbele, tano kati, na nne nyuma.

Ukiwa bado umemshika chali, tazama tumbo linapoanzia. Shina la kila mguu wa nyuma ni pana na limejikita hadi kulikata bamba la kwanza la tumbo, kwa hiyo bamba hilo huonekana vipande viwili, kimoja kila ubavu. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu rangi hubadilika, ukubwa hubadilika, nyayo huvunjika mdudu akikauka, lakini bamba hilo halihami. Papo hapo penye shina la paja pana kipande kilichovimba, nacho hakijifichi. Halafu mrudishe kifudifudi uangalie vipapasio: ni vyembamba, vina pingili 11, na hutokea kati ya jicho na taya. Vya Tenebrionidae hutokea chini ya ukingo wa kichwa. Mguu wa mbele wa mbawakawa wa ardhini una pengo dogo lenye nywele upande wa ndani, na humo ndimo anamopitisha kipapasio kukisafisha.

Tahadhari moja kabla hujasogeza uso. Familia hii ina tezi za sumu nyuma ya tumbo. Wakubwa wa jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Anthia, wanaopatikana kwenye nyika kavu za Afrika, hurusha asidi inayochoma macho, na wale waitwao Brachinus hufyatua mvuke wenye joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Wadogo wa milimani kwa kawaida hutoa harufu tu.

Lililo la pekee kwa wa milimani ni mabawa. Kwa kawaida mbawakawa ana jozi mbili: ya juu ni migumu na hufunika mgongo, ya chini ni laini na ndiyo ya kurukia. Wengi wa milimani wamepoteza ile ya chini, au imebaki kipande kisicho na kazi. Si lazima umpasue ili ujue. Mabega ya mabawa magumu huwa yameteremka badala ya kuwa mapana, mgongo huwa na umbo la yai, na lile bamba la ubavuni lililo kati ya mguu wa pili na wa tatu huwa fupi, kwa sababu ndani yake hamna tena misuli mikubwa ya kurukia.

Sababu yake imebishaniwa tangu zamani. Mwaka 1859 Charles Darwin aliandika kwamba kati ya spishi 550 za mbawakawa wa kisiwa cha Madeira, 200 haziwezi kuruka, akadhani upepo huwapeperusha baharini wale warukao. Mwaka 1943 Mmarekani Philip Darlington, aliyewachunguza Carabidae wa milima na visiwa kwa pamoja, aliegemea kwingine: mahali padogo pasipobadilika sana hapamlazimu mdudu kuhama, na bawa lisilohitajika hupotea. Naona hoja ya Darlington ina nguvu zaidi kwa milima ya bara, ambako hakuna bahari ya kuangukia. Vyovyote iwavyo, asiyeruka hawezi kuvuka bonde la joto kwenda mlima wa pili, ndiyo maana mlima mmoja unaweza kuwa na spishi isiyopatikana kwingine.

Kutambua ni kumpa mdudu jina ambalo tayari lipo. Kueleza ni kuandika sifa zake ili mwingine amtofautishe na ndugu zake bila kukuuliza, na kama ni spishi mpya, maelezo hayo ndiyo yanayolipa jina uhai. Chukua jenasi Cymindis, iliyoenea sana kwenye milima mikavu ya Asia. Maelezo mazuri yatasema urefu kwa milimita, kutoka ncha ya taya hadi ncha ya mabawa. Rangi ya mwili, kisha ya miguu na vipapasio peke yake. Upana wa bamba la kifua ukigawanywa kwa urefu wake. Mistari ya mabawa ina vitobo au haina. Nywele za kuhisi ziko wapi na ni ngapi. Yatataja kwamba mabawa magumu yamekatika nyuma na kuacha ncha ya tumbo wazi, na kwamba kucha zina meno kama kitana. Dume huelezwa zaidi kuliko jike, kwani kiungo chake cha uzazi, kikitolewa na kuchorwa, mara nyingi ndicho pekee kinachotenganisha spishi mbili zinazofanana kwa nje.

Kwa jina jipya la spishi lililochapishwa baada ya 1999, kanuni za kimataifa zinadai mfano maalumu utajwe: ama holotaipu, yaani mdudu mmoja ambaye jina limefungwa kwake, ama sintaipu, yaani mifano kadhaa iliyotajwa wazi. Mfano huo huhifadhiwa kwenye mkusanyiko unaofikika, kama ule wa Makumbusho ya Taifa Nairobi. Chini ya pini yake huwekwa lebo ya mahali, mwinuko, tarehe na jina la aliyemkamata. Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walikusanya wadudu kwenye milima ya Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912, na mifano yao bado ina manufaa kwa wataalamu. Kwa asiyeruka, mwinuko kwenye lebo una uzito sawa na jina la mlima, maana mita mia chache juu au chini zinaweza kuwa mpaka wa makazi yake. Anayetaka kufanya utafiti wa namna hii Kenya huanza na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ndani ya hifadhi huhitaji pia ruhusa ya mamlaka inayohusika.