Sampuli si jiwe lililookotwa

Mtu anatoka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wa dhahabu, na jiwe jeupe la kwatzi lenye vidoa vya njano, analiweka mezani na kusema ameleta sampuli. Amechagua kwa jicho lake jiwe lenye kung'aa kuliko yote, kisha anataka jibu lake lisemee mwamba mzima.

Sampuli ni sehemu ndogo inayosimama badala ya kitu kikubwa, kwa kuwa kila punje ya kile kikubwa ilikuwa na nafasi sawa ya kuingia humo. Maana ni hiyo tu.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waingereza, nao kwa Wafaransa wa kale, na mzizi wake ni Kilatini: exemplum, kitu kilichotolewa katika vingine. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la kazi hiyo. Namna inatokana na namuna ya Kiajemi, yaani kipande cha kuonyeshea bidhaa, kama kile cha kitambaa anachokunjua mfanyabiashara kabla ya kufungua robota. Namna ikateleza ikawa "aina", na sampuli ikaifuata njia hiyohiyo: "Huyu ni mtu wa sampuli gani?" Nadhani kosa linaingilia hapa. Anayesikia "aina" akiambiwa sampuli, kwake jiwe lolote la aina ya mwamba wake linatosha. Maabara inashikilia maana ya zamani, kitu kilichotolewa, na swali lake la kwanza ni kimetolewaje.

Swali hilo lina uzito wa kupimika. Punje ya dhahabu yenye kipenyo cha nusu milimita ina takriban miligramu 1.26. Katika upimaji wa kuyeyusha kwa moto, unga unaoingia tanuruni mara nyingi ni gramu 30 au 50. Punje hiyo moja ikiangukia kwenye gramu 30, jibu ni gramu 42 za dhahabu kwa tani ya mwamba. Ikibaki mfukoni, jibu ni sifuri, na mwamba ni uleule. Punje ya mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hesabu hiyohiyo, inabadilisha jibu kwa gramu 0.14 tu.

Ndiyo maana kuandaa sampuli si kusaga peke yake. Mzigo wa kilo 10 hukaushwa kwanza, kwa kawaida nyuzi 105 za Selsiasi. Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kukamatwa, yakiwa yanapimwa zebaki hayapelekwi huko, yakaushwe chini ya nyuzi 40, la sivyo zebaki inapaa. Kisha mzigo wote hupita kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe, bila kubakiza, hadi angalau asilimia 70 ipite kwenye chekeche la milimita 2. Hapo ndipo hugawanywa, na hapo ndipo wengi huharibu: wanachota kwa mkono juu ya mfuko. Dhahabu ni nzito mara saba hivi kuliko kwatzi, mfuko ukitikiswa garini inashuka chini, na aliyechota juu amechota mawe. Kitumike kigawanyio cha mifereji, kinachopeleka mfereji mmoja kushoto na unaofuata kulia, upana wa kila mfereji usipungue mara tatu ya punje kubwa kuliko zote. Pasipo kigawanyio, rundika koni, ibonyeze iwe bapa, igawe robo nne, chukua mbili zinazotazamana, urudie. Kilo moja inayobaki husagwa hadi asilimia 85 ipite mikroni 75.

Hata hapo dhahabu ni mkaidi. Haivunjiki, inabonyea na kujipaka kwenye kuta za bakuli la kusagia, halafu inatokea kwenye mzigo wa jirani. Kwa hiyo kati ya mzigo na mzigo husagwa mchanga safi wa kwatzi usio na dhahabu. Bakuli lenyewe nalo linaacha alama yake: la chuma huongeza chuma na kromi, la kabaidi ya tangsteni huongeza tangsteni na kobalti. Anayetafuta kobalti asisagie humo.

Jiwe la kuchagua lina kazi yake, linaonyesha dhahabu imekaa vipi ndani ya mwamba, na mjiolojia atalipokea kwa furaha. Liandike tu "jiwe la kuchagua" kwenye mfuko, na cheti kikirudi na gramu 42 kwa tani, kisome kuwa ni cha jiwe hilo. Ukitaka jibu la duara, chimba mfereji wenye upana na kina sawa kukatiza mkanda wote wa mwamba wenye dhahabu, ukuta hadi ukuta, kusanya kila kilichodondoka juu ya turubai pamoja na vumbi lake, ufunge mfuko. Hicho ndicho kiitwe sampuli.