Mahojiano Yamekwisha, Uchambuzi Unaanzia Wapi?

Kasoro moja hunirudia karibu kila ninaposoma sura ya matokeo ya mwanafunzi wa uzamili. Aliuliza maswali matano, na sura ina vichwa vitano, kila kimoja ni swali lake alilolibadilisha kidogo. Chini yake kuna nukuu tatu nne za watafitiwa, kisha sentensi ya "hii inaonyesha kwamba" inayorudia walichosema. Data hapo zimepangwa tu, hazijachambuliwa.

Kazi huanzia kwenye unukuzi, yaani kuandika neno kwa neno yaliyorekodiwa. Saa moja ya sauti huweza kula saa 4 hadi 6 za kuandika, na ndiyo maana wengi humkabidhi mtu mwingine. Nakusihi unukuu mwenyewe angalau mahojiano mawili matatu ya mwanzo. Utasikia mtu aliposita, alipocheka pasipo la kuchekesha, aliposhusha sauti. Yaandike hayo nayo. Majina yabadilishe hapohapo, usingoje mwisho.

Soma yote mara mbili ndipo uanze kuweka misimbo, yaani lebo fupi pembeni ya maneno ya mtafitiwa. Tuchukue mfano wa kubuni, mgonjwa aliyeacha dawa: "Dawa nilikuwa nazo. Ila nikizimeza mbele ya watu, najiona kama nimejitangaza."

Mwanafunzi huandika pembeni "unyanyapaa", akapita. Neno hilo ni pana mno, tena amekuja nalo kutoka vitabuni. Hebu msome tena mgonjwa huyu. Hakusema kwamba yupo aliyemcheka wala kumtenga. Kinachomuumiza ni kile kitendo chenyewe cha kumeza akionekana. Msimbo "kumeza ni kujitangaza" unabaki karibu na kauli yake, na papo hapo unazaa swali: wanaoishi peke yao je, humeza bila shida? Liandike swali hilo daftarini pamoja na tarehe, kisha urudi kwenye mahojiano mengine kulitafutia jibu. Madaftari ya namna hii ndiyo ninayoyaomba kwanza mwanafunzi anapokwama, kwa sababu fikra zake zimo humo.

Misimbo inayogusana huunganishwa kuwa dhamira, yaani wazo kuu linaloifunga pamoja. Wanasaikolojia Virginia Braun na Victoria Clarke, ambao makala yao ya mwaka 2006 ilieleza uchambuzi wa dhamira kwa hatua 6, wanasisitiza kuwa dhamira haziibuki zenyewe kwenye data. Mtafiti ndiye anayezijenga. Basi usiandike "dhamira zilijitokeza", eleza ulivyozifikia.

Programu kama NVivo na ATLAS.ti hukuhifadhia misimbo na kukutafutia nukuu upesi. Kusoma hazikusomei. Mahojiano 12 unaweza kuyachambua vizuri kabisa kwa karatasi na kalamu za rangi.

Ukishaipata dhamira, mtafute mtu anayeipinga. Wanafunzi wengi humwogopa huyu, wakamwacha nje ya sura. Tuseme katika mahojiano yako yupo mmoja anayemeza dawa mbele ya wageni bila wasiwasi. Ana nini ambacho wenzake hawana? Unarudi kwenye maneno yake na kukuta kwamba aliwaeleza watu wake wote hali yake tangu mwanzo, hivyo hakubaki na la kufichua. Kumbe kinacholemea wale wengine ni siri, na kidonge ni mahali tu inapovujia. Dhamira yako ya mwanzo imebadilika, na sura ya matokeo ianze kuandikwa kuanzia hapo.