Sukari ya paka anayechomwa insulini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Asubuhi kipimo kinasoma 19 mmol/L (milimoli kwa lita ya damu), jioni 8, kesho yake 14, na dozi haijaguswa. Mwenye paka wa kisukari anakosa usingizi akijiuliza anakosea wapi. Mara nyingi hakosei popote. Sukari ya paka huyumba hata anapotunzwa vizuri, na hatari kubwa zaidi ipo katika maamuzi yanayofanywa kwa kuitazama namba moja.

"Sukari ikisoma juu, ongeza dozi." Dhana hii inaweza kuua. Insulini ya paka kwa kawaida huchomwa kila baada ya saa 12. Katikati ya saa hizo sukari huteremka mpaka kiwango cha chini kabisa, mara nyingi kati ya saa ya nne na ya nane baada ya sindano, kisha hupanda tena. Anayepima kabla ya sindano tu huiona sukari ikiwa juu, asione kamwe ilikofikia iliposhuka. Paka anaweza kusoma 20 mmol/L saa moja asubuhi na 4 saa saba mchana. Ukimwongezea dozi kwa sababu ya ile 20, saa saba yake inakuwa ya hatari, pengine ukiwa kazini.

Ndiyo maana daktari wa mifugo huomba mfululizo wa vipimo, kila baada ya saa mbili kwa saa 12, na jicho lake hutua kwanza kwenye namba ya chini kabisa. Hata mfululizo huo ukirudiwa kesho, kwa dozi na chakula vilevile, huweza kutoka tofauti, kwa sababu insulini hainyonywi kwa kasi ileile kila siku chini ya ngozi. Kwa hiyo dozi hubadilishwa kidogokidogo, pengine nusu uniti, kwa kushauriana na daktari, kisha mwili huachwa siku kadhaa uizoee.

"Kipimo cha kliniki ndicho cha kweli." Mashine ya kliniki haina kosa, aliyebadilika ni paka. Hofu ya safari na harufu ya mbwa humwaga adrenalini, nayo hulifanya ini litoe sukari. Hata paka asiye na kisukari anaweza kuvuka 15 mmol/L kwa hofu tu. Tone la damu kutoka ukingo wa sikio, paka akiwa kwenye mkeka wake nyumbani, hueleza mengi zaidi. Daktari anaweza pia kupima fruktosamini, yaani protini ya damu iliyoshikana na sukari, inayoonyesha wastani wa wiki chache zilizopita bila kutikiswa na hofu ya siku moja.

"Kipima sukari cha binadamu hakifai kwa paka." Kinafaa, mradi ujue tabia yake. Kwa paka karibu sukari yote ya damu iko kwenye maji ya damu, ilhali kwa binadamu takriban asilimia 42 imo ndani ya seli nyekundu. Basi kipima sukari cha binadamu mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi. Tumia kilekile kila mara, na mwambie daktari ni kipi.

"Ikipanda sana, ujue ilishuka mno usiku." Wazo hili lilitokana na Michael Somogyi, mwanakemia aliyechunguza wagonjwa binadamu miaka ya 1930. Kwa paka wanaotumia insulini ya muda mrefu kama glajini, uchunguzi umeonyesha kwamba jambo hilo ni nadra. Sukari inayokaa juu huwa na sababu nyingine: dozi ndogo, fizi zilizooza, maambukizi ya mkojo, dawa za steroidi, insulini iliyoharibiwa na joto. Ipo na sababu ambayo wengi hawaifikirii, uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji. Nchini Uingereza watafiti walipima zaidi ya paka 1,200 wenye kisukari, na takriban robo walikuwa na dalili zake kwenye damu. Paka wa aina hiyo huweza kuhitaji dozi kubwa sana, na mwenye paka hana lawama.

"Bomba la sindano ni bomba tu." Hapana! Insulini za mifugo kama Caninsulin ni U-40, yaani uniti 40 kwa kila mililita; mabomba ya binadamu kwa kawaida ni ya U-100, uniti 100 kwa mililita. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, paka anapata mara mbili na nusu ya dozi. Soma maandishi ya chupa na ya bomba kila unaponunua.

"Akishaanza insulini, ni ya maisha." Wapo paka, hasa waliotibiwa mapema na kulishwa chakula chenye wanga kidogo, ambao kongosho zao, kiungo kinachotengeneza insulini, huamka tena, wakaacha sindano kabisa. Njiani kuelekea huko, dozi iliyofaa mwezi uliopita inaweza kuwa kubwa mno leo. Akiyumba, akitetemeka, akilegea au akiwa na njaa ya ghafla, pima. Ikiwa chini ya 3.5 mmol/L, mpe chakula ikiwa anameza vizuri, mpake asali kwenye fizi, na mpigie daktari hapohapo. Akiwa na degedege usimmiminie kitu mdomoni. Mpake asali kidogo kwenye fizi, angalia asikuume, mkimbize kliniki. Sindano inayofuata isubiri neno la daktari.