Masaji ni kazi ya kusomea jamani, hizi dhana tuziache

Mtu akisema tu anafanya kazi ya masaji watu wanaanza kukonyezana, na hiyo ndo dhana inayoniuma kuliko zote so naanza nayo.

"Masaji ni ukahaba uliojificha." Sio kweli, na wenye kazi yao wamepigana na hili siku nyingi sana. Uingereza miaka ya 1890 kulikuwa na kashfa za madanguro kujiita nyumba za masaji, wauguzi na wakunga wanne waliokuwa wanaifanya kazi hii kihalali wakasema basi, mwaka 1894 wakaanzisha chama chao, wakaweka mitihani na maadili, na chama hichohicho ndo kilikuja kuwa chama cha wanafizioterapia (wataalamu wa tiba ya viungo) wa nchi ile. Mtaalamu wa kweli anakuuliza maswali kuhusu afya yako kabla hajakugusa, anakufunika shuka na kufunua sehemu anayoifanyia kazi tu, nguo unavua kadiri unavyojisikia huru, na ukisema acha anaacha palepale. Ukimwomba "huduma nyingine" anakatisha kipindi, na yuko sahihi kabisa.

"Si kukanda tu, hata mimi naweza." Kumchua mwenzio mabega nyumbani sawa, ila New York huwezi kupewa leseni bila masaa 1,000 ya mafunzo pamoja na mtihani, Japani ni miaka 3 ya chuo halafu mtihani wa taifa. Zipo nchi ambazo hazina sheria yoyote, kwa hiyo uliza mtu kasomea wapi, usione aibu. Wanasoma misuli, mifupa, neva, mzunguko wa damu, magonjwa, na kikubwa kuliko vyote wanajifunza ni lini WASIKUGUSE. Mfano mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, wewe unadhani ni uchovu unataka uchuliwe, kumbe inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, ukikandwa hapo kipande kinaweza kuchomoka kikaenda mapafuni na ukafa. Aliyesoma atakwambia nenda hospitali sasa hivi, asiyesoma atapaka mafuta aendelee. Ukiwa na homa au ngozi yenye maambukizi anakuahirisha, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima umwambie mapema maana hata mkandamizo wa kawaida unaweza kukuachia michubuko mikubwa.

"Isipouma haijafanya kazi." Hapana bwana, ukiumia sana misuli inajikaza kujilinda na kazi yote inaharibika, na kutoka na alama za damu kuvilia sio ushahidi kwamba umekandwa vizuri.

Halafu hii ya "kutoa sumu mwilini", hapa hata baadhi ya wakandaji wenyewe wanachangia na inabidi waache. Sumu zinashughulikiwa na ini na figo. Ile asidi ya laktiki, yaani kitu ambacho misuli inatengeneza ukifanya mazoezi makali na ndo inasingiziwa maumivu ya mazoezi, mwili unaiondoa wenyewe ndani ya kama saa moja tu, kesho yake unavyoumwa haipo tena. Masaji inapunguza maumivu na wasiwasi kwa muda, inalegeza mwili, mtu wa mgongo anapata nafuu ya siku kadhaa, na hiyo faida ni kubwa bila kuongezewa chumvi.

Wajawazito nao wanaambiwa ni marufuku, wakati mimba isiyo na matatizo mama anaweza kukandwa akilala ubavu na mtu aliyefunzwa, amuulize tu daktari wake kwanza.

La mwisho ni "hela rahisi". Vidole gumba, viganja na mgongo wa mkandaji vinachakaa, wengi wanaacha kazi kwa sababu ya maumivu, ndo maana wanafundishwa kusukuma kwa uzito wa mwili na kutumia viwiko, na ndo maana mwenye akili anaweka kikomo cha wateja kwa siku. Kwa hiyo akikwambia leo nimejaa njoo kesho, usimbembeleze akuongeze.