Je, wajua kwa nini gari la zamani linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, mlimani tu?

Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, ile ya lita 1.5, inaweza kukaa foleni nusu saa bila kutikisika. Ikianza kupanda mlima Kitonga na abiria wanne, inashtukashtuka, nguvu inakata, na ekzosi inanuka petroli. Fundi anachomoa plagi, anaiegemeza kwenye chuma cha injini, anapiga stata, cheche inaonekana. "Moto upo," anasema, halafu anageukia pampu ya mafuta. Hapo ndipo pesa huanza kupotea.

Cheche ya hewani haithibitishi mengi. Kuruka mwanya wa milimita 0.8 nje ya injini kunahitaji takriban volti 3,000 hadi 4,000. Ndani ya silinda hali ni nyingine: ukikanyaga mafuta, hewa nyingi huingia na kubanwa, na kadiri ilivyobanwa ndivyo umeme unavyopata shida kuipenya. Mlimani plagi ileile hudai zaidi ya volti 10,000. Umeme hutafuta njia rahisi: ukikuta mpira wa waya umepasuka au kofia ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, ina mstari wa kaboni, hutorokea hapo na silinda haiwaki. Ukitaka kuijaribu cheche kwa haki, tumia kipimo chenye mwanya wa milimita 6 hivi. Mfumo wenye afya huuruka.

Usitafute silinda mbovu kwa kuchomoa waya za plagi injini ikiunguruma. Utapigwa shoti, na umeme uliokosa pa kwenda unaweza kuua koili, inayozalisha umeme wa plagi. Chomoa soketi za nozeli zinazonyunyiza petroli, moja baada ya nyingine. Silinda yenye afya ikikatwa, injini hulegea. Ukikata na isibadilike chochote, mbovu ni hiyo. Kama tatizo ni la mlimani tu, jaribio hili halitakuonyesha kitu injini ikiwa haina mzigo. Subiri giza, fungua boneti, washa gari, kisha nyunyizia waya na kofia ya distributa ukungu mwembamba wa maji bila kugusa chochote. Panapovuja pataonekana kwa vicheche vya buluu na mlio wa tik-tik.

Toa plagi zote nne na uzipange kwa namba, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa mkanda wa taiming. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Iliyolowa petroli haikuwaka. Nyeupe kabisa inaashiria mafuta machache au hewa ya ziada. Yenye oili kwenye ncha inalaumu ringi au sili za valvu, lakini oili iliyo nje tu, kwenye shimo la plagi, ni kosa la sili za mfuniko wa valvu, ambazo ni nafuu. Oili hiyo huozesha mpira wa waya, kwa hiyo ukibadilisha waya bila sili utarudi palepale. Mashimo hayohayo hujaa maji gari likioshwa injini kwa pampu ya presha. Yapulize kwa hewa kabla ya kuchomoa plagi.

Pima kila waya kwa mita: isizidi kiloomu 25. Waya shikilia kwenye mpira unapoichomoa, ukivuta uzi utaukata ndani. Mwanya wa plagi kwa nyingi za injini hizi ni milimita 0.8, ingawa baadhi hutaka 1.1, kwa hiyo soma kitabu cha gari. Plagi mpya yenye washa (ringi ya chuma ya kuzibia) ifunge kwa mkono hadi igote, kisha nusu mzunguko kwa spana. Waya zifuate mpangilio wa 1-3-4-2.

Sasa geuza dalili. Gari linamisi likiwa limesimama, likikimbia linatulia? Plagi si mtuhumiwa wa kwanza. Mara nyingi ni mpira wa vakyumu, bomba dogo ambalo injini hufyonza hewa yake, uliopasuka: hewa inayoibwa hapo ni nyingi ikilinganishwa na kidogo kinachoingia injini ikiwa taratibu, lakini si kitu ukikanyaga mafuta. Bana mipira kwa koleo mmoja mmoja usikilize mlio ukibadilika. Usinyunyizie petroli kama wengine wanavyofanya, utaliunguza gari.

Mipira ikiwa mizima, pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda: injini ya moto, plagi zote nje, nozeli na koili vimekatwa umeme, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Injini yenye afya hukaribia psi 190. Chini ya 142 imechoka, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Silinda iliyo chini itilie kijiko cha chai cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tafuta valvu. Na kama zilizo chini ni mbili zinazopakana, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yake.