Baiskeli na Hisani Katika Pwani ya Ireland: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Majira ya baridi yanapoanza kulegea, katika vikundi vyetu vya WhatsApp huku Ulaya haikosi mtu wa kuleta wazo: twendeni tukapige baiskeli pwani yote ya magharibi ya Ireland, tuchangishe fedha za zahanati, za wagonjwa wa saratani, za watoto wa shule. Nalipenda wazo hili kwa moyo wote. Ni njia nzuri ya kuomba, kwa sababu anayeomba naye anatoa jasho lake. Lakini mipango mingi hujengwa juu ya maneno ya kusikia, na maneno hayo ndiyo yanayowakwamisha watu njiani huku waliochanga wakisubiri habari njema.

"Ireland ni kisiwa kidogo, wiki moja inatosha"

Kwenye ramani ni kidogo kweli. Kutoka kaskazini hadi kusini hakifiki kilomita 500, na kisiwa kizima, ukijumlisha na Ireland Kaskazini, kinaingia ndani ya Tanzania zaidi ya mara kumi. Ila pwani yake ya magharibi haikunyooka. Imekatwakatwa na ghuba na rasi, hivi kwamba unaweza kuuona mji ng'ambo ya maji asubuhi na ukaufikia jioni. Barabara ya kitalii inayoifuata pwani hiyo, Wild Atlantic Way, ilizinduliwa mwaka 2014 na ina urefu wa takriban kilomita 2,500, kutoka rasi ya Inishowen katika kaunti ya Donegal hadi mji wa Kinsale katika kaunti ya Cork. Pwani za Kenya na Tanzania bara, kwa vipimo vinavyotajwa mara nyingi, ukiziunga pamoja hazifiki kilomita 2,000. Ukienda kilomita 100 kwa siku, na huo si mwendo wa kubeza kwa mwenye mizigo, hizo ni siku 25 bila kupumzika hata siku moja.

Wengi wanaosema waliimaliza Ireland kwa wiki walikwenda kutoka Malin Head, ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, hadi Mizen Head kule kusini magharibi, kwa kukatiza bara. Hizo ni kilomita 600 na ushei. Ni safari ya heshima, na kwa miaka mingi imekuwa njia maarufu ya kuchangisha fedha. Lakini siyo pwani. Aliyekupa yuro zake akiamini unazunguka pwani yote ana haki ya kuambiwa mapema ni njia ipi hasa unayokwenda.

"Wild Atlantic Way ni njia ya baiskeli"

Hapana. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wa magari. Vibao vyake vya buluu vyenye alama nyeupe ya mawimbi vitakuongoza vizuri, lakini vitakupitisha pia kwenye barabara kuu yenye malori na mabasi ya watalii. Kisha, kilomita chache mbele, vitakuingiza kwenye kinjia cha lami chenye majani yaliyoota katikati na ua mrefu wa vichaka kila upande. Kwenye vinjia hivi utalisikia trekta kabla ya kuliona. Unashuka, unaegemeza baiskeli kwenye kingo ya udongo, unavuta mkoba wako ndani usije ukakwaruzwa. Dereva anapita polepole na kunyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ndiyo salamu ya mashambani kule, nawe inua mkono kuijibu.

Tangu Februari 2025 kikomo cha mwendo kwenye barabara hizi ndogo za vijijini kimeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60 kwa saa. Ni hatua njema, ingawa pale penye kona na ua, 60 bado ni mwendo mkali. Vaa rangi za kung'aa hata mchana, na uwe na taa ya nyuma.

Vipo vipande vilivyotengwa kwa waendesha baiskeli na waenda kwa miguu. Kinachonivutia kuliko vyote ni kile cha kutoka Westport hadi Achill katika kaunti ya Mayo, zaidi ya kilomita 40, kilichojengwa juu ya tuta la reli iliyofungwa mwaka 1937. Hakina milima ya kutisha wala magari. Kama kundi lenu lina watoto au wazee wanaotaka kushiriki, wapangieni siku hiyo.

"Anza juu, maliza chini, kutelemka ni rahisi"

Hili ndilo kosa linaloumiza watu zaidi, nami nalikazia kwa sababu linaepukika kwa kugeuza ramani tu. Watu wanaona Donegal iko juu kwenye karatasi na Cork iko chini, wanaamua kuanzia Donegal. Kwenye pwani hakuna kutelemka kwa namna hiyo. Kilichopo ni upepo, na upepo wa Ireland kwa kawaida hutoka kusini magharibi, baharini. Anayetoka Donegal kwenda Cork anakutana nao usoni siku nyingi. Anayetoka Kinsale kupanda kaskazini anaupata ubavuni au kisogoni.

Watu wa pwani yetu hawahitaji somo hapa. Jahazi la kwenda Uarabuni lilisubiri kusi, la kuja Zanzibar likasubiri kaskazi, na hakuna nahodha aliyeona aibu kusubiri. Mpanga safari ya baiskeli naye afikiri hivyohivyo. Upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa unaweza kumfanya mtu mwenye nguvu akanyage mteremkoni na bado atambae. Siku mbili za namna hiyo mfululizo huvunja magoti, halafu huvunja kundi, kwa sababu wepesi wanatangulia na wazito wanabaki peke yao.

Kuna faida ya pili ambayo husahaulika. Ireland huendesha upande wa kushoto, sawa na Kenya, Tanzania na Uganda. Ukielekea kaskazini kwenye pwani ya magharibi, bahari iko kushoto kwako, kwa hiyo unasimama kupiga picha au kula bila kuvuka barabara. Ndugu waliozoea barabara za Congo, Rwanda na Burundi, ambako huendeshwa kulia, wajipe muda wa kuzoea, hasa kwenye mizunguko.

Na majira ya baridi hayajaribiwi. Tarehe 24 Januari 2025, kimbunga kilichopewa jina la Éowyn kilivuma kwa dharuba ya kilomita 184 kwa saa pale Mace Head, Galway, rekodi ya nchi nzima. Mace Head iko kwenye pwani hiihii mnayotaka kuipita. Miezi ya kufikiria ni Mei, Juni na pengine Septemba. Mei na Juni ndiyo yenye jua jingi, na mwezi Juni urefu wa mchana unafika saa 17, kwa hiyo hata mwenye mwendo wa pole anafika kabla ya giza.

"Kule mvua haina mfano"

Mvua ipo, lakini tuipime. Dublin hupata takriban milimita 750 kwa mwaka, pungufu kuliko Dar es Salaam. Pwani ya magharibi hupata kati ya 1,000 na 1,400, na milimani hupita 2,000. Tofauti kubwa iko kwenye siku. Yetu humwagika kwa misimu. Ya magharibi mwa Ireland hugawanywa katika siku zipatazo 225 za mwaka kwenye baadhi ya maeneo. Manyunyu, jua, manyunyu tena, yote kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo hatari yenyewe ni baridi ya kulowa. Mwezi Julai joto la mchana huwa nyuzi 18 hadi 20, ambalo ni zuri kwa kukanyaga. Ila loweka glavu, kisha shuka mlima kwa kasi huku upepo unapiga: vidole vinakufa ganzi hadi unashindwa kufungua zipu ya mfuko wenye mkate, na mkono uliokufa ganzi haukamati breki vizuri. Weka jozi ya pili ya glavu na soksi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu kabisa ya mizigo, pasipohitaji kutafutwa. Koti zuri la mvua ni la kununua kabla ya baiskeli ya bei.

Kuhusu milima, wanaosema Ireland haina milima wanatazama urefu wa kilele. Kilele kirefu kuliko vyote, Carrauntoohil, hakifiki hata mita 1,050. Njia ya Conor Pass huko Dingle, mojawapo ya barabara za juu kabisa, haifiki mita 500. Namba ndogo hizi. Ila barabara ya pwani huanzia usawa wa bahari, hupanda, hurudi baharini, hupanda tena, siku nzima. Jumla yake ndiyo inayochosha. Chagua baiskeli yenye gia nyepesi sana na tairi pana kidogo, milimita 28 au 32, maana lami ya vijijini ina kokoto za kukwaruza.

Mengine niyapitie haraka. Hakuna haki ya kupiga hema popote. Ardhi karibu yote ina mwenyewe, na ukibisha hodi ukaomba, wengi hukubali. Helmeti hailazimishwi na sheria, lakini waandaaji wengi huilazimisha, na wako sahihi. Kuvuka mdomo wa mto Shannon kwa feri ya Killimer hadi Tarbert, dakika kama 20, si udanganyifu hata kidogo: feri hiyo ni sehemu ya safari ya pwani, na mwenye kuikwepa anazunguka hadi Limerick. Na kwenye maeneo ambako watu bado wanazungumza Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, vibao huandikwa kwa Kigaeli peke yake. Ramani yako itasema Dungloe, kibao kitasema An Clochán Liath. Andika majina yote mawili kabla ya kuondoka.

"Hakuna mpaka, kwa hiyo hakuna viza"

Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu linatugusa sisi kuliko wengine. Ni kweli kwamba kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini hakuna kizuizi barabarani. Utajua umevuka pale kibao cha mwendo kinapobadilika kutoka kilomita kuwa maili na duka linapotaka pauni badala ya yuro. Lakini Ireland Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, na uhuru wa kwenda na kurudi uliomo katika makubaliano ya Ireland na Uingereza ni wa raia wao. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Congo anahitaji viza ya Uingereza kuingia Ireland Kaskazini, hata kama ana kibali halali cha kuishi Dublin. Anayeishi London kwa kibali naye anahitaji ya Ireland. Na Ireland haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza ya Ujerumani au Ubelgiji haikufikishi.

Wild Atlantic Way yote iko ndani ya Jamhuri. Mtego uko kwenye kufika Donegal na kutoka huko. Donegal imeungana na sehemu nyingine ya Jamhuri kupitia Leitrim peke yake, kipande kifupi sana cha mpaka, na kaunti yenyewe haina reli. Basi la kutoka Dublin kwenda Letterkenny hupita Omagh na Strabane, yaani ndani ya Ireland Kaskazini, na ukaguzi wa ghafla wa uhamiaji hufanyika kwenye mabasi. Asiye na viza apande treni ya Sligo, aanze kukanyaga kutoka hapo na kuingia Donegal kwa njia ya Bundoran. Nafasi za baiskeli kwenye treni za masafa ni chache, zinawekwa mapema. Na anayemalizia Donegal arudi kwa njia hiyohiyo.

"Kila senti inawafikia wahitaji"

Inategemea mlivyopanga, na mchangiaji hawezi kujua msipomwambia. Kuna safari ambazo kila mwendeshaji analipia feri, malazi na chakula chake, na mchango wote unakwenda kwenye shirika. Kuna nyingine ambazo sehemu ya mchango hulipia malazi, gari la kusindikiza na fundi. Ya pili si wizi. Inakuwa aibu pale inapofichwa. Andika kwenye tangazo lenyewe nani analipia nini. Sisi tuliokulia kwenye harambee tunajua jinsi watu wanavyoacha kutoa wakishahisi hesabu haisomwi hadharani.

Jina zuri nalo halitoshi. Sheria ya mashirika ya hisani ya Ireland ya mwaka 2009 ilileta msimamizi rasmi, aliyeanza kazi Oktoba 2014, na orodha yake iko wazi kwa yeyote kuitazama. Shirika lililosajiliwa lina namba. Ni kosa kwa chombo kisichosajiliwa kujitangaza kuwa shirika la hisani, hata kama nia yake ni safi na zahanati ya kijijini ipo kweli. Kwa miradi ya nyumbani, njia salama ni kufanya kazi na shirika lililosajiliwa ambalo tayari linafanya kazi huko. Na kama mnatafuta la kuchangia palepale pwani, RNLI, shirika la boti za uokoaji lililoanza mwaka 1824, lina vituo njiani kote, Bundoran, Achill, Clifden, Valentia, na mabaharia wake wengi ni wa kujitolea.

Wapo pia wanaodhani kodi inarudi kwa aliyetoa. Tangu 2013 inakwenda kwa shirika. Mlipakodi wa Ireland akitoa yuro 250 au zaidi ndani ya mwaka kwa shirika lililoidhinishwa, bila kupata manufaa yoyote kwa kubadilishana, shirika linaweza kudai kodi yake kwa kiwango cha asilimia 31. Yuro 250 huhesabiwa kuwa ndizo zilizobaki baada ya kodi hiyo kukatwa, kwa hiyo nyongeza ni takriban yuro 112. Mtu aliyeahidi 200 anastahili kuelezwa hivyo kabla hajatuma.

Mwisho ni ndoo. Kundi linafika mjini, limeloa, watu wanapiga makofi, na mtu anatoa ndoo ya kukusanyia sarafu nje ya duka. Kukusanya fedha taslimu mitaani kunahitaji kibali cha polisi, Garda, kwa sheria ya mwaka 1962, na anayekitoa ni mkuu wa polisi wa eneo husika. Kibali cha Galway hakitumiki Kerry. Kundi linalotaka kusimama na ndoo katika kila mji linaopita lina barua kadhaa za kuandika kabla hata ya kununua tairi.